Uzamili wa elimu maalumu: kisa cha mwalimu wa kitengo aliyefaulu akahamishiwa ofisini

Kisa hiki ni cha mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa na karibu kila kitu ambacho mfumo wetu unamtaka mwalimu wa elimu maalumu awe nacho. Alikwenda kusoma shahada ya uzamili, akafaulu vizuri, na kufaulu kwenyewe kukamwondoa kwenye darasa alilokuwa analisomea. Jina lake silitaji, wala la shule, halmashauri au chuo, kwa kuwa wahusika wote bado wako kazini. Mimi nilimfundisha zamani, na aliponipigia simu kuomba nimsomee andiko lake la utafiti ndipo nilipoingia kwenye habari hii.

Njia aliyopita wengi mnaijua. Alianza na cheti cha ualimu Daraja la A, akafundisha darasa la kwanza na la pili, kisha akapata nafasi ya stashahada ya elimu maalumu Chuo cha Ualimu Patandi, pale Tengeru mkoani Arusha. Patandi mtu huchagua fani: uziwi, kutoona, au ulemavu wa akili. Yeye alichukua ulemavu wa akili. Shahada ya kwanza akaisoma Chuo Kikuu Huria huku anafundisha, maana chuo hicho, kilichoanzishwa mwaka 1992, ndicho kilichomruhusu kusoma bila kuacha kazi.

Tatizo ni kwamba watoto hawaji kitengoni, yaani darasa la watoto wenye ulemavu ndani ya shule ya kawaida, kwa mpangilio wa fani za chuo. Kitengo chake kilikuwa chumba kimoja mwisho wa shule ya kawaida. Humo kulikuwa na watoto wenye ulemavu wa akili, wawili watatu wenye usonji, mmoja mwenye mtindio wa ubongo aliyebebwa mgongoni na dada yake kila asubuhi, na binti kiziwi ambaye akili yake haikuwa na kasoro yoyote. Huyo binti aliletwa hapo kwa sababu shule ya viziwi iko mbali, ni ya bweni, na baba yake hakutaka kumwachia mtu. Kwa hiyo mwalimu aliyesomea ulemavu wa akili akawa anamfundisha kiziwi kwa alama chache alizojifunza mwenyewe. Hali hii si ya shule yake tu. Ukizunguka vitengo vya shule za msingi utaikuta tena na tena.

Aliponieleza kwa nini anataka uzamili, kwanza alinipa majibu ya barua ya maombi: kujiendeleza, kuongeza ufanisi, na kadhalika. Nikamwambia hayo amwandikie mkurugenzi. Akacheka, kisha akasema, "Mkufunzi, nilivyofundishwa vyote nimevitumia, vimeisha. Kuna mtoto anajipigiza kichwa ukutani kila ikikaribia saa ya uji, na mimi sijui kama ninachomfanyia kinamsaidia au anakua tu."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya nikubali kumsaidia. Mwalimu wa kitengo anafundisha watoto ambao mabadiliko yao ni ya polepole mno, na mabadiliko ya polepole ni rahisi kuyaota. Unaweza kumfundisha mtoto mwaka mzima ukaamini amepiga hatua kwa sababu unampenda, na unaweza kukata tamaa na njia inayofaa kwa sababu huoni matunda ndani ya mwezi. Kama uzamili una kazi yoyote kwa mwalimu wa namna hii, kazi hiyo ni kumpa njia ya kujua.

Chuo gani

Hapa tulibishana sana, na sehemu kubwa ya mabishano ilihusu pesa. Zamani mtu angetaja Oslo bila kusita. Idara ya elimu maalumu ya Chuo Kikuu cha Oslo ilipokea wanafunzi wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi, wengi wao kupitia ufadhili wa serikali ya Norwei kwa nchi zinazoendelea. Ufadhili huo ulisitishwa kuanzia mwaka 2016, na tangu 2023 vyuo vya umma vya Norwei vinatoza ada kwa wanaotoka nje ya Ulaya. Njia hiyo kwa mwalimu wa shule ya msingi imefungwa, asipopata mfadhili mwingine.

Karibu na nyumbani kulikuwa na Kenyatta, Nairobi, chenye idara kamili ya elimu maalumu, na Kyambogo, Kampala. Mimi nilikuwa upande wa Kyambogo. Kitivo chake cha elimu maalumu na utengamao kina mizizi mirefu, kwa kuwa kilitokana na taasisi ya taifa ya elimu maalumu ya Uganda iliyounganishwa na vyuo vingine mwaka 2003 kuunda chuo kikuu hicho. Ukisoma sehemu kama hiyo, anayekusimamia amewahi kukaa na mtoto asiyesema. Ukisoma uzamili wa elimu wa jumla kisha ukachagua mada ya elimu maalumu, msimamizi wako anaweza kuwa bingwa wa mitaala au uongozi wa shule, mtu mzuri kabisa, lakini utalazimika kumfundisha kwanza ndipo akusimamie.

Yeye akachagua chuo cha hapa nchini. Sikumlaumu. Ana watoto watatu, mume wake yuko kituo kingine cha kazi, na mikopo ya serikali ya elimu ya juu imeelekezwa zaidi kwa shahada ya kwanza. Ada aliilipa kwa mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara. Tena anayesoma nje atapaswa kupeleka cheti chake Tume ya Vyuo Vikuu kitambuliwe kabla mwajiri hajakikubali, na yeye alisema hana nguvu ya foleni nyingine.

Ruhusa nayo ina utaratibu wake. Jina lazima liwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, barua ipite kwa mwalimu mkuu, kwa afisa elimu kata, hadi kwa mkurugenzi. Ilipita, taratibu. Siku aliyokwenda kufuatilia, mtu wa utumishi alimwambia kitu ambacho namshukuru kwa kukisema wazi: "Madam, cheti kinaingia TGTS B, stashahada C, shahada D. Uzamili hauna mlango wake hapa. Nenda kasome, ila usije ukarudi ukaniuliza mshahara." TGTS ni ngazi za mishahara ya walimu serikalini. Wenzake wawili waliokuwa kwenye mpango huohuo walijitoa baada ya kusikia hivyo. Yeye akaenda.

Andiko la kwanza na la pili

Andiko la kwanza alilonitumia liliitwa, kwa tafsiri ya haraka, "Changamoto zinazowakabili walimu katika utekelezaji wa elimu jumuishi katika shule za msingi." Nililisoma nikaweka simu chini. Mada hii imeandikwa nchini mwetu mara nyingi kiasi kwamba mtu anaweza kuandika sura ya matokeo kabla hajatoka nyumbani: madarasa yamejaa, vifaa hakuna, walimu hawakupata mafunzo, wazazi wanaficha watoto. Ni kweli yote. Ila ni kweli inayojulikana, na dodoso jipya kwa walimu mia moja halitamfanya mtoto yeyote aache kujipigiza ukutani. Nilimuuliza, yule mtoto wa uji yuko ukurasa wa ngapi? Hakuwepo.

Sababu ya kuchagua mada ile haikuwa uvivu. Dodoso linajulikana. Msimamizi analifahamu, jopo linalifahamu, programu ya kuchakata takwimu ipo maabara ya kompyuta, na mwaka wa pili mtu anataka amalize arudi nyumbani. Vyuo vyetu vimewazoesha wanafunzi kuamini kwamba utafiti ni watu wengi na majedwali.

Tukarudi kwa mtoto. Katika elimu maalumu kuna namna ya utafiti inayofaa hasa pale ambapo una watoto wachache na hakuna wawili wanaofanana: mtoto mmoja mmoja analinganishwa na yeye mwenyewe. Kwanza unapima hali yake kabla hujafanya lolote, kwa siku kadhaa, mpaka uone imetulia. Kisha unaanza njia yako kwa mtoto wa kwanza peke yake, huku wengine ukiendelea kuwapima tu. Akibadilika, unaanza kwa wa pili, halafu wa tatu. Kama kila mmoja anabadilika pale tu njia inapomfikia, na si kabla, huwezi kusema ni umri, au ni kwa vile mvua zimeisha, au wamemzoea mwalimu. Baer, Wolf na Risley waliieleza namna hii katika makala yao ya mwaka 1968 iliyoweka msingi wa taaluma ya uchambuzi tumizi wa tabia. Ipo nyingine ambayo unaanzisha njia, unaiondoa, kisha unairudisha. Hiyo tuliikataa. Mtoto aliyeanza kupata namna ya kuomba uji humnyang'anyi namna hiyo ili upate grafu nzuri.

Njia aliyotaka kuijaribu ni kadi za picha. Mtoto asiyesema anajifunza kumpa mtu kadi ili apate anachokitaka, mtindo ulioanzishwa na Andy Bondy na Lori Frost huko Delaware, Marekani, mwaka 1985. Dhana ya kuanzia ilikuwa ya mwalimu mwenyewe: kwamba yule mtoto alijipigiza kwa sababu alisikia kengele, akanusa uji, na hakuwa na njia ya kusema nataka.

Kwenye kutetea andiko, jopo lilimbana. Mmoja aliuliza, sampuli ya watoto wanne? Utajumuishaje matokeo yako kwa nchi nzima? Jibu lake ninalikumbuka kwa sababu tulilifanyia mazoezi: hajumuishi kwa nchi nzima, anaonyesha jambo lilelile likijirudia kwa watoto tofauti, na mtafiti mwingine akilirudia kwingine ndipo ushahidi unapokua. Walimpitisha kwa masharti. Moja ya masharti lilikuwa aongeze dodoso kwa walimu. Akaongeza, fupi, na sura hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote kwenye tasnifu yake.

Kazini

Kibali kilifuata njia ya kawaida: barua ya chuo kwa katibu tawala wa mkoa, kutoka mkoani kwa mkurugenzi, kutoka kwa mkurugenzi hadi shuleni. Shule yenyewe ilikuwa ya kwake. Kwa hiyo alimkabidhi mwalimu mkuu wake barua inayomtambulisha kwake, na mwalimu mkuu, mtu wa utani, akamuuliza kama amewahi kufika maeneo haya.

Ridhaa ya wazazi ilikuwa ngumu kwa namna ambayo sikuitarajia. Hakuna aliyekataa. Mama mmoja alichukua kalamu kabla hata hajaelezwa: "Mwalimu, ukisema wewe mimi nasaini tu." Hapo kuna mtego. Mwalimu aliyemlea mtoto miaka minne ana madaraka makubwa kwa mzazi kuliko mtafiti yeyote, na ridhaa inayotolewa kwa heshima si ridhaa ya kutosha. Walipanga mwalimu mwingine, asiye wa kitengo, awaeleze wazazi upya, awaambie kwamba atakayekataa mtoto wake atafundishwa kama kawaida. Baba mmoja alikataa. Kwangu mimi hiyo ilikuwa dalili kwamba utaratibu umeanza kufanya kazi.

Kwa watoto wenyewe waliweka kanuni: mtoto akisukuma kadi na kuondoka kwenye benchi, kazi ya siku hiyo kwa mtoto huyo imeisha. Asiyesema naye ana namna ya kukataa.

Kadi alitengeneza kwa manila, akabandika picha za vitu vilevile vya darasani alizopiga kwa simu, akazifunika kwa selotepu pana zisiloane. Gundi ya kunatisha na kubandua ya madukani ilikuwa ghali, akatumia vibanio vya nguo kwenye kamba. Kila saa ya uji alikuwa na karatasi ya kuweka alama: mtoto ametoa kadi mwenyewe, ametoa kwa kushikwa mkono, au hakutoa. Mwenzake wa kitengo, mwalimu wa stashahada, aliweka alama zake pembeni bila kuangalia karatasi ya mwenziwe.

Siku za mwanzo karatasi zao hazikupatana kabisa. Walipokaa kulinganisha, wakagundua mwenzake alikuwa anahesabu hata mtoto anayenyakua kikombe kuwa ameomba. Kwake, mtoto ameonyesha anachotaka, basi. Kwa mtafiti, kuomba ni kumgeukia mtu na kumpa kadi. Waliandika upya maana ya kuomba, kwa maneno ambayo hata mpishi angeweza kuyatumia kuhukumu, wakatupa alama zote za mwanzo na kuanza tena. Nimewahi kuona tasnifu za uzamili zilizopita bila mtu yeyote kujiuliza swali hilo.

Halafu uji ukakatika. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, chakula cha shuleni kimebaki makubaliano na michango ya wazazi, na muhula ule mahindi yaliisha kabla ya mitihani. Utafiti mzima ulikuwa umejengwa juu ya saa ya uji. Msimamizi alitaka asubiri muhula ujao. Yeye akabadilisha kitu kinachoombwa: mpira kwa mmoja, bembea kwa mwingine, maji ya kuchezea kwa wa tatu, akaeleza badiliko hilo kwenye tasnifu bila kulificha. Lilimsaidia, maana lilionyesha kwamba mtoto aliyejua kuomba uji aliweza kuomba mpira pia.

Watatu waliendelea, kila mmoja kwa kasi yake, na grafu zake zilikuwa safi kuliko nilivyodhani. Yule aliyekuwa akijipigiza kichwa alijifunza kadi, ingawa kujipigiza hakukuisha: kulipungua saa ya uji, kukabaki saa ya kurudi nyumbani, jambo ambalo hakuwa amelipima na alilikiri kwenye mapungufu ya utafiti.

Wa nne hakubadilika hata kidogo. Sehemu yenye thamani kuliko zote ndani ya kisa hiki ilianzia kwake. Mwalimu alijaribu picha kubwa zaidi, kisha kitu chenyewe badala ya picha, kikombe halisi mkononi. Siku ya kikombe mtoto akatoa. Alikuwa haoni picha. Alipopelekwa hospitali ya wilaya alikutwa na uoni hafifu. Mtoto yule alikaa kitengoni miaka miwili kama mwenye ulemavu wa akili, na hakuna aliyewahi kumpima macho, akiwemo mwalimu mwenye stashahada na shahada za fani hiyo.

Alivyorudi

Alihitimu. Mshahara ulibaki uleule, kama alivyoambiwa. Baada ya muda mfupi afisa elimu maalumu wa halmashauri alistaafu, na katika wilaya nzima yeye ndiye mwenye sifa kubwa zaidi. Akapewa nafasi. Kitengo kikabaki na yule mwenzake wa stashahada na mwalimu mmoja wa cheti aliyehamishiwa hapo kwa sababu darasa lake la kawaida lilikuwa na walimu wawili.

Hakuna aliyekosea. Mkurugenzi alimpandisha mtu anayestahili, na yeye alikuwa na haki ya kukubali. Ila tazama mpangilio wenyewe. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 24 kinataka nchi ziajiri walimu wenye ujuzi wa lugha ya alama na breli na kuwafunza wanaofanya kazi ngazi zote za elimu. Mwaka 2010 tukatunga sheria yetu ya watu wenye ulemavu. Maandishi hayo yote yanamtaka bingwa awe karibu na mtoto, lakini muundo wa utumishi haumwekei bingwa kiti chochote karibu na mtoto. Kiti kilichopo cha mwenye uzamili ni cha ofisini. Kadiri unavyomjua mtoto wa kitengo, ndivyo unavyotengwa naye.

Nilikasirika kwa niaba yake, kisha nikatulia nusu, kwa sababu ya kazi aliyoifanya huko ofisini. Ya kwanza ilikuwa macho na masikio. Alikubaliana na hospitali ya wilaya kwamba mtoto yeyote anayependekezwa kwenda kitengoni apimwe kwanza kuona na kusikia, na fomu ya kumpokea isisainiwe kabla ya hapo. Mwalimu wa kitengo, hata awe na uzamili, asingeweza kulipitisha hilo kwa shule nyingine. Katika duru ya kwanza yule binti kiziwi alipata nafasi ya shule ya viziwi, na baba yake alikubali baada ya kupelekwa kuiona kwa macho yake.

Nusu iliyobaki ya hasira ninayo bado. Ofisi ina taarifa za robo mwaka, ziara za viongozi, takwimu za kupeleka TAMISEMI (ofisi ya serikali kuu inayosimamia halmashauri), na gari linalopatikana likipatikana. Kadi na karatasi za alama, ambazo ndizo ujuzi alioulipia kwa mkopo, hazimo kwenye orodha ya majukumu yake. Aliandika kuomba siku mbili kwa wiki za kuwa mwalimu mshauri wa vitengo, akae darasani na walimu, awaoneshe kupima na kulinganisha. Kwa maoni yangu halmashauri ingeweza kupanga hivyo bila kusubiri muundo mpya kutoka juu, kwa kuwa ni mgawanyo wa kazi za mtumishi wake yenyewe. Mpaka ninapoandika hili hajajibiwa. Anakwenda Alhamisi, kwa pikipiki, siku ambazo hakuna kikao.

Mwenzake wa kitengo naye sasa anataka kusoma shahada. Alikuja ofisini kuuliza chuo kipi kinafaa na ada ni kiasi gani. Mwalimu alimjibu kwamba habari za chuo watazizungumza akileta karatasi za alama za muhula mmoja, za mtoto mmoja, zenye swali ambalo yeye mwenyewe ameshindwa kulijibu. Ameleta za miezi miwili ya mwanzo, na tayari wanabishana maana ya "amekaa kwa utulivu."